Kikapu Mbele ya Viatu vya Baba

Baba yangu alipigwa picha mara moja tu katika maisha yake, na picha hiyo hakuiona. Mimi niliiona nikiwa tayari ninaitwa mzee, nimepiga magoti kwenye stoo ya marehemu mmoja hapa Stockholm, vumbi puani. Picha nyingine ya baba haipo duniani. Halafu nikaikabidhi kwa watu wa kwetu, nao wakaigundisha kwenye ubao. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nilikasirika vile mbele ya wageni. Basi naandika, nisiulizwe tena.

Shule nilisoma miaka minne, kule kwetu milimani, Kivu, na mwaka wa nne haukuisha. Mengine yote nimejifunza kwa mikono. Nilipofika nchi hii nilisafisha ndege kule Märsta, zile dakika chache kati ya abiria wanaoshuka na wanaopanda, mpaka nikajua kuuona uchafu kabla mwingine hajauona. Baadaye nikafungua kazi yangu mwenyewe: gari moja, mimi, mama watoto, na Warundi wawili. Tulikuwa tunatoa vitu vya watu waliofariki na kusafisha nyumba zao zipate kuuzwa. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Niliitafuta mlango kwa mlango, kwa Kiswidi ambacho watoto wangu walikionea haya.

Kazi hiyo ilinifundisha habari ya picha. Nyumba ikishakuwa safi, anakuja mpiga picha wa wauzaji. "Ndoo yako iondoe," anasema. Anasogeza kiti kibovu, anafungua pazia, halafu anatoa kwenye mfuko wake bakuli na malimau. Malimau yale alitembea nayo nyumba kwa nyumba, niliyajua kama majirani. Meza ikiwa na alama ya kuungua, bakuli linakaa juu ya alama. Siku moja nikamwuliza kama wanunuzi hawataiona wakija. Akacheka. "Wakija watakuwa wameshapenda," akasema.

Nikamwelewa haraka sana, kwa sababu habari kama hiyo niliisikia kwa baba.

Baba alikuwa fundi mwashi kwenye shamba la Mzungu, shamba la miti ya kwinini. Siku zile kulikuwa na magazeti ya picha, makubwa, karatasi inayong'aa, ya kuwaonyesha watu nchi inavyokwenda. Kabla kidogo ya uhuru gari likaja shambani na mpiga picha wa gazeti mojawapo. Akakusanya watu. Akina mama wenye vikapu akawaweka mbele. Waliovaa saa akawaambia wazivue. Wenye viatu akawaambia wavivue pia, kwa sababu gazeti lilitaka watu wa mashamba, na watu wa mashamba, kichwani mwake, walikuwa peku.

Baba alikuwa na viatu vya rangi ya kahawia. Alivifuata kwa miguu hadi ng'ambo ya mpaka, Usumbura, Bujumbura ya leo, na kurudi navyo amevibeba mkononi ili visichakae njiani. Siku ile alikuwa amevivaa kwa sababu alisikia kuna picha. Akakataa kuvivua. Mpiga picha alisema, msimamizi akasema, baba akasimama tu. Mwisho mpiga picha akachukua kikapu cha viazi vitamu cha mama mmoja, akakiweka mbele ya miguu ya baba. Kisha dereva akapanda juu ya gari akapunga kofia, watu wote wakatazama kofia, na picha ikapigwa.

Mpishi wa mapadri ndiye aliyemwambia baadaye kwamba ametoka kwenye gazeti. Baba akaenda misheni kuomba aione. Akaulizwa kama anajua kusoma. Akasema hapana. Akaambiwa gazeti ni la wasomao. Habari hiyo alitusimulia miaka yote, na kila mara alimalizia kwa kutazama miguu yake. Alipofariki hatukuwa na picha ya kuweka juu ya jeneza. Mama aliweka vile viatu.

Sasa turudi Stockholm. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili niliitwa kusafisha nyumba ya mama mmoja Mswidi aliyekuwa mmisionari kwetu zamani. Watoto wa ndugu yake walichukua saa ya ukutani na vijiko. Stoo ya chini walisema yote yatupwe. Humo nikakuta sanduku la bati, na ndani yake magazeti ya picha, yamefungwa kwa kamba. Nikawauliza kama kweli ni ya kutupa. "Chukua tu," wakasema.

Nikakaa sakafuni kuyafungua. Watu waliosoma wanasema hiyo ni historia ya nchi. Mimi naieleza kama nilivyoiona. Ukurasa wa kushoto kuna kibanda cha udongo, wa kulia nyumba ya matofali: zamani na sasa. Lakini vibanda vile na nyumba zile vilisimama wakati uleule, mlima uleule, na aliyejenga ya matofali alikwenda kulala kwenye cha udongo. Kuna daraja, na mbele yake mhandisi, jina lake kamili chini ya picha. Nyuma yake wanaume wengi wenye nyundo, hawana majina. Kuna sista ana jina, na mtoto aliyembeba hana. Nilifungua kurasa na hasira ikawa inapanda polepole, kama maji ya ndoo iliyosahauliwa chini ya bomba.

Halafu nikaona kikapu.

Sikuona uso kwanza. Niliona kikapu cha viazi kimekaa peke yake mahali ambapo hakuna mwanamke wa kukishika, na juu yake suruali, na juu ya suruali baba yangu, mdogo kuliko mwanangu wa pili, kofia mkononi, anatazama pembeni. Wengine wamecheka. Yeye hakucheka. Nilikaa pale mpaka mama watoto akashuka kunitafuta. Akatazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Taya ni hilo hilo lako." Basi, tukaendelea na kazi.

Nyumbani Norsborg binti yangu mkubwa, aliyesoma Kifaransa shuleni, alinisomea maneno ya chini ya picha. Yalisema: furaha ya watu wa mashamba wanapoambiwa habari ya uhuru.

"Hawakuambiwa kitu," nikasema. "Walitazama kofia ya dereva."

"Lakini pappa, mimi nasoma kilichoandikwa," akanijibu kwa Kiswidi. Watoto wangu walinijibu hivyo siku zote, mimi Kiswahili, wao Kiswidi, kama watu wanaorushiana mipira miwili tofauti. Nikamsimulia habari yote, kikapu, gari, viatu, hadi jeneza. Alikuwa anatafuta kitu kwenye simu yake huku nasema. Nikakata shauri kwamba hasikii.

Aliniambia jambo moja, na niliandike kwa sababu ni kosa langu: "Baba, tuitoe nakala kwa mashine. Ukiipoteza je?" Nikakataa. Aliniambia mwaka ule na mwaka uliofuata, nikakataa. Nilisema nakala ikishatoka itazunguka, na kila atakayeipata ataandika chini yake uongo wake mwenyewe. Gazeti nikalifunga kwenye plastiki nikaliweka droo moja na pasipoti. Na kuna jambo jingine: sikutaka watu walione. Baba yangu alikataa kuvua viatu, lakini anayetazama picha ile haoni mtu aliyekataa. Anaona mtu wa mashamba kati ya watu peku, ameandikiwa furaha. Nani atasimama kando ya picha kila siku kueleza?

Likaja lile lililoleta ugomvi. Nchi yetu ilikuwa inatimiza miaka hamsini ya uhuru, na chama chetu cha Wakongo kilitaka sherehe kwenye ukumbi kule Hallunda, pamoja na maonyesho ya picha za historia. Mwenyekiti alikuwa mtu wa Bukavu, aliwahi kufundisha shule huko, na sisi wote tunamwita Mwalimu. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Ni mtu mzuri. Ana ugonjwa mmoja tu, anafikiri kitu kisichoandikwa hakikutokea.

Akaja nyumbani. Alishasikia kwamba nina magazeti.

"Papa, hizi ni hazina," akasema. "Mais, lakini kwa nini umezificha miaka yote?"

"Hazikuwa zinakulilia."

Akacheka. Nikampa yote. Lile moja nikampa mwisho, na kabla ya kumpa nilichana kipande cha kitambaa chekundu nikakiweka kati ya kurasa, mahali pa baba. Nikamwambia, "Hili lifunguliwe hapa penye kitambaa. Liwekwe mezani, lisikatwe."

"Lisikatwe, nimesikia," akasema.

Sikumwambia ni kwa nini. Sikugeuza karatasi nikamwonyesha kwa kidole, huyu hapa. Nilidhani atafungua, ataona taya, atauliza. Nilitaka aulize yeye. Upande mmoja wa jani lile kulikuwa na picha kubwa, ukurasa mzima: wakubwa wetu na wakubwa wa Ubelgiji wamekaa kwenye meza ndefu, kila mmoja jina lake limeandikwa kutoka kushoto kwenda kulia. Upande wa pili, chini, picha ya baba. Kitambaa kinaonyesha jani, hakionyeshi upande. Mwalimu alipofungua aliona meza ya wakubwa, akasema moyoni, Mzee naye ana akili, ametuchagulia iliyo bora.

Siku ya sherehe nilivaa suti. Mama watoto alivaa kitenge kipya, binti alikuja na mume wake. Ukumbi ulinukia pondu, kisamvu chetu, na samaki, watoto walikimbia kati ya viti. Ukutani mbao nyeupe zimepangwa vizuri, kila moja na picha na maelezo kwa Kifaransa na Kiswidi. Katikati, mahali pa heshima, meza ndefu ya wakubwa.

Nilitazama. Ukingo mmoja wa ile karatasi ulikuwa umenyooka mno. Ulikatwa kwa mkasi.

Nikaenda kwenye meza ya Mwalimu. Gazeti langu lilikuwa pale, limefunguliwa. Jani halipo. Kitambaa chekundu kipo.

Aliyetengeneza mbao zile alikuwa seremala, Mrundi, kijana wa miaka hamsini hivi. Lazima nieleze kazi yake, maana asiyejua atadhani ni mjinga. Kwetu hapa, mtu akifariki, kabla ya watu kukusanyika matanga, seremala huyu anapelekewa picha ya marehemu. Anaigundisha kwenye ubao mweupe kwa gundi ya mbao, anaikandamiza usiku mzima chini ya uzito, kwa sababu ukumbini joto la mabomba ya kupasha nyumba linakunja karatasi, na aliona aibu siku moja picha ya bibi mmoja ilipojikunja kama jani la tumbaku mbele ya wafiwa. Tangu hapo anagundisha hasa. Halipwi kwa kazi hiyo wala haombi. Wafiwa wengi wa Botkyrka, manispaa yetu, wana ubao wake sebuleni. Picha ya matanga haina nyuma. Nani ageuze picha ya marehemu? Kwa hiyo na karatasi yangu hakuigeuza.

Nilimkuta kando ya ubao, amependeza, mikono nyuma. Akaniona natazama.

"Hii nimeipaka gundi mpaka pembeni, Muzee," akaniambia. "Hii haitoki milele."

Nikavuta kiti, nikapanda, nikauondoa ubao ukutani.

Mwalimu alikuwa na maikrofoni mkononi, anawakaribisha wageni wa manispaa. Akaishusha. "Papa, tafadhali. Wageni."

"Wageni wapo," nikasema. "Baba yangu hayupo. Mmempaka gundi usoni."

Hakuna aliyeelewa. Niliona kwenye nyuso kwamba wanafikiri mzee amerukwa na akili. Sikueleza. Ukiwa na hasira ya namna ile maneno yanakuwa madogo. Nikaweka ubao kwapani nikatoka, kwa miguu, kutoka Hallunda hadi Norsborg, kituo kimoja tu cha treni, lakini kwa ubao mpana na upepo wa juu ya madaraja ni safari. Upepo ulinigeuza mara mbili kama mlango.

Nyumbani nikauweka juu ya meza ya jikoni. Mama watoto akafika baadaye na chakula kwenye bakuli.

"Ulimwambia Mwalimu kwamba baba yako yuko nyuma ya karatasi?" akauliza.

"Nilimwekea kitambaa."

"Ulimwambia?"

Nikavuta bakuli karibu.

"Wewe ulitaka wakisie," akasema, akanipa kijiko. "Kula."

Kesho yake nikajaribu mwenyewe. Nimetoa gundi sakafuni miaka mingi, nimetoa zulia lililokaa umri wa mtu. Nikachukua pasi, nikaweka kitambaa chenye maji, nikagusa pembe moja, kidogo tu. Karatasi ikatoa uvimbe, ikapasuka, na nilipoinua, nyuma yake palikuwa peupe. Wino ulibaki kwenye gundi. Bahati ilikuwa pembe, majani ya miti tu. Nikazima pasi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuogopa mikono yangu.

Binti yangu ndiye aliyeuliza maktaba, na maktaba wakamwambia kuna mama mjini anayetengeneza karatasi za zamani zilizoharibika. Tukaenda, mimi na ubao wangu kwenye treni, watu wanasoma majina ya wakubwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mama yule alikuwa na chumba kidogo chenye dirisha kubwa, miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Hakunipa pole. Alitazama muda mrefu, akagusa ukingo kwa kisu chembamba kama ulimi wa kinyonga.

"Nani alifanya hivi?" akauliza.

"Fundi mzuri sana," nikasema.

Akaeleza, na binti akanitafsiria pale nilipokwama. Gundi ile haikubali maji. Anaweza kuilainisha kwa joto, kipande kwa kipande, na kuinua karatasi kutoka kwenye ubao. Lakini karatasi ni nyembamba na imechoka. Upande wa mbele utavunjika, labda vibaya. Upande wa nyuma atapata anachopata, wala hawezi kusema ni sehemu gani. Ukiuacha ulivyo, upande wa mbele utakaa miaka mia, na wa nyuma hautaonekana tena. "Ni upande upi unaoutaka?" akaniuliza. "Siwezi kukupa zote mbili."

Nikamwambia nitarudi wiki ijayo. Sijui kwa nini sikujibu palepale. Nadhani mtu akikuuliza vizuri, unaona haya kujibu kwa haraka.

Jioni ya Jumamosi Mwalimu akaja, na seremala nyuma yake. Binti alishawapigia simu kuwaeleza. Seremala hakukaa. Alisimama karibu na mlango na kofia yake, akasema, "Muzee, mimi sikugeuza."

"Najua."

"Ningegeuza ningemuona."

"Kaa chini, unaniziba taa."

Akakaa. Mwalimu akaanza na chai, akaenda kwenye hali ya hewa, akazunguka kama mtu anayetafuta mahali pa kuegesha gari. Mwisho akafika. Maktaba ya manispaa ilipenda maonyesho. Waliyataka kwao vuli yote, Waswidi wayaone. Ubao wa katikati ndio uliowavutia. Gazeti lenyewe hata wao hawakulipata kokote.

"Papa, nakuomba kama mtoto wako. Usiuvunje. Hiyo meza ni historia ya nchi nzima. Baba yetu, namheshimu, mais ni mtu mmoja."

"Ni mtu mmoja, ndiyo. Hao wa mezani kila mmoja ni watu wangapi?"

"Unajua ninachotaka kusema."

"Najua. Hata mpiga picha alijua anachotaka kusema. Kwa nini aliweka kikapu?"

Hakujua habari ya kikapu. Nikamsimulia, kwa mara ya kwanza, yeye na seremala, kuanzia safari ya Usumbura hadi viatu juu ya jeneza. Seremala alikuwa anatazama ubao juu ya meza kama mtu anayetaka kuona kupita mbao. Nilipomaliza nikamwuliza Mwalimu, "Baba yako wewe yuko wapi kwenye magazeti yale? Umeyasoma yote, mimi sijui kusoma Kifaransa."

Akageuza kikombe. "Baba alikuwa karani," akasema. "Alivaa miwani. Karani mweusi mwenye miwani hawakumpiga picha. Alisema alifukuzwa kwenye picha mara mbili."

"Basi wa kwangu alikuwa na bahati," nikasema. "Alifichwa nusu."

Hakucheka. Wala hakukubali. Alisema tu, "Fanya unavyoona, Papa. Lakini ubao huo ukivunjika, maktaba nitawaonyesha nini katikati?" Akatoka hajamaliza chai. Hasira yake niliielewa. Alifanya kazi ya miezi kwa ajili ya ukuta ule, jioni baada ya jioni, akitoka kwenye kazi yake ya kuendesha basi, na hakuna aliyemshukuru, mimi wa kwanza. Nimesema ni mtu mzuri. Watu wazuri wanaweza kukuudhi kuliko wabaya, kwa sababu huwezi kuwachukia ukapumzika.

Wiki iliyofuata nikamwambia yule mama, "Wa nyuma." Akaanza.

Ilimchukua muda mrefu. Nilikwenda mara moja kutazama nikarudi, kwa sababu kuona mtu akifanya kazi polepole vile kulinipandisha presha. Alipotuita, karatasi ilikuwa imelazwa kati ya vipande viwili vya plastiki. Upande wa mbele, meza ya wakubwa ilikuwa imepasuka katikati, mistari kama udongo wa kiangazi. Baadhi ya nyuso hazitambuliki, majina yao yote yapo. Akaigeuza.

Kofia ipo. Mkono upo, bega, shingo. Uso upo, wote, hata lile taya, hata macho yanayotazama kofia ya dereva. Wanaocheka kushoto kwake wengi wamebaki kwenye gundi. Na chini, kuanzia magotini, hakuna kitu, weupe tu. Kikapu chote kimebaki kwenye ubao wa seremala.

"Samahani kwa sehemu ya chini," mama yule akasema. "Palikuwa na kitu hapo?"

"Kikapu," nikasema. "Kibaki huko."

Lakini nisiwadanganye kwamba nilifurahi. Nilitoka pale nimeudhika. Kikapu kilikuwa ndio ushahidi wangu. Kilipokuwepo ningeweza kumwambia mtu, tazama, nani ameweka kikapu hapa bila mwenyewe? Sasa nina baba aliyekatwa magotini, na neno langu. Miaka yote nilikichukia kikapu, na kilipoondoka ndipo nikajua kilikuwa kimeshika habari yote. Na nakala ya mashine, ambayo ingechukua dakika moja, niliikataa mimi. Hilo sitamtwika seremala.

Seremala alikuja kuipima karatasi bila kuitwa. Baada ya siku chache akaleta fremu ya mti wa msonobari, kioo mbele na kioo nyuma, inasimama kwa miguu yake. Tone la gundi hakuna, vyote vya kuchomeka. "Hii unaizungusha, Muzee," akasema, akaizungusha mwenyewe mara tatu. Nikampelekea Mwalimu kwa mkono wangu, nikamwambia hii ndiyo ya katikati. Akaitazama pande zote mbili. Akaniuliza aandike nini chini ya picha ya baba. Alikuwa tayari na kalamu, nikaona anataka kuandika maelezo marefu, mfumo wa ukoloni na kadhalika.

"Jina lake," nikasema. "Halafu: amevaa viatu."

"Basi?"

"Basi."

"Watu wataona hakuna viatu, Papa. Hata miguu hakuna."

"Wataona."

Akaandika. Jina silitaji hapa, liko kwenye fremu.

Siku ya kufungua maonyesho maktaba nilisimama kando ya meza yenye fremu, na lile nililoliogopa miaka yote likatokea. Kila aliyepita aliuliza. Viatu viko wapi? Nikaeleza. Wa pili, nikaeleza. Kiswidi changu kikaanza kuchoka. Wa tatu alidhani ni utani akacheka, nikamtazama mpaka akaacha. Wengi walisoma upande wa mezani, wakahesabu nyuso zilizopasuka, wakaondoka hawajazunguka. Nilitaka kukaa. Nilitaka kwenda nyumbani.

Akaja mzee wa Kiswidi mwenye fimbo, akainama, akasoma, akainua kichwa. Nikafungua mdomo, na binti yangu, aliyekuwa nyuma yangu na koti langu mkononi, akajibu kabla yangu. Alimweleza kila kitu kwa Kiswidi chake cha kunyooka: shamba la kwinini, safari ya miguu hadi ng'ambo, viatu mkononi, msimamizi, dereva juu ya gari na kofia. Alieleza hata jeneza. Jeneza nilikuwa nimelitaja mbele yake mara moja tu, siku ile alipokuwa anatafuta kitu kwenye simu. Mzee wa Kiswidi alisikiliza hadi mwisho, akazunguka upande wa pili wa meza, akarudi tena kwa baba.

Binti alikosea mahali pamoja. Alisema kikapu cha ndizi.

"Viazi," nikamwambia. "Viazi vitamu."

"Viazi vitamu," akarudia, kwa Kiswahili, na akamgeukia yule mzee kumsahihishia.